Rangi ya sitaha isiyoteleza: ipi ununue kwa boti ya Kigoma?

Kwa boti ya mbao, ya tanga au ya mashine, inayolala Kibirizi au Ujiji, nunua rangi ya mafuta na uitie mchanga. Tunaiweka ya kwanza, na si kwa unafuu wa bei tu. Mbao hunywa maji zikavimba, zikipigwa jua husinyaa. Rangi ya mafuta huvutika nazo kidogo. Epoksi, rangi ngumu ya makopo mawili yanayochanganywa, hukatika kwenye maungio, maji yakapenya chini na kuibandua.

Sitaha ya mita za mraba 10 itakula kopo la lita 4, praima (rangi ya msingi) lita 1 na mchanga kilo 10 hadi 15, ambao sehemu yake utaifagia na kuirudisha kwenye ndoo. Chukua kijivu hafifu au krimu. Rangi nyeusi saa saba mchana haikanyagiki. Mchanga wa ufukweni unafaa, kwa kuwa maji ya Tanganyika hayana chumvi ya kuvuta unyevu. Uoshe mpaka maji yatoke safi, uanike, kisha uchekeche kwa chekeche la unga. Punje kubwa huchana nyavu, na magoti pia.

Mchanga usiukoroge ndani ya kopo, utazama chini. Osha mafuta ya dagaa kwa sabuni ya unga, acha mbao zikauke kabisa, piga msasa namba 80, paka praima. Ikikauka, paka koti nzito, mita moja ya mraba kwa wakati, nyunyiza mchanga ukiwa umeinua mkono juu mpaka rangi isionekane. Kesho yake fagia uliolegea, malizia kwa koti mbili nyepesi. Koti nzito hapa huzika punje, utelezi ukarudi.

Wakati mzuri ni Juni hadi Septemba, siku za mbalamwezi, wavuvi wa taa wanapopumzisha boti.

Ya pili ni epoksi ya makopo mawili. Kwa boti ya faiba tungeitanguliza. Changanya kidogo kidogo, kwa joto letu huganda upesi, na ufuate kipimo cha kopo: kuzidisha kigandishi hakuharakishi, kunaacha rangi dhaifu. Juu yake lazima ije poliyurethani, rangi inayostahimili jua, la sivyo jua litaigeuza unga mweupe.

Rangi iliyotiwa punje kiwandani ni ya tatu. Si mbaya, ila koroga toka chini kila baada ya dakika chache, vinginevyo nusu ya sitaha itakuwa laini.

Utepe wa msasa wa kubandika ununue kwa ngazi tu. Sitahani kingo zake hunyanyuka. Mkeka wa mpira hatuupangi kabisa: hufungia maji chini yake, na mbao huoza bila wewe kuona.