Tathmini yangu ya kocha wa ngumi aliyewahi kupigana

Kabla ya kocha huyu nilifundishwa ngumi na vijana wenye vyeti na misuli, watu wazuri tu, ila hakuna aliyewahi kupanda ulingoni. Wa sasa alipigana ngumi za kulipwa miaka mingi, akashinda mengi, akapoteza kadhaa mwishoni, akatundika glovu. Sasa anafundisha mtu mmoja mmoja, na kwangu hana mpinzani. Naandika kwa sababu wengi huchagua kocha kwa kusoma rekodi yake ya mapambano, na rekodi haikuambii kama anajua kufundisha.

Kipindi kinaanza kwa bandeji, ambayo ananifunga mwenyewe: kifundo, kiganja, kati ya vidole, kisha ananiambia nikunje ngumi niseme inabana wapi. Tunaruka kamba, tunapigana na kivuli, halafu napiga padi anazovaa yeye mikononi. Raundi ni dakika 3, mapumziko dakika 1, kama kwenye pambano.

Hiyo dakika 1 ndiyo ninayoilipia. Makocha wangu wa zamani waliitumia kuongea mfululizo: inua mikono, sogea, pumua, usiogope. Huyu ananikalisha kwenye kigoda cha kona, ananiacha nipumue, ananipa funda la maji, na muda ukikaribia kuisha ananiambia jambo moja. Juzi lilikuwa hili: mkono wako wa kulia unarudi ukiwa chini. Raundi iliyofuata, kila uliporudi chini, padi ilinigusa shavuni. Haikuniumiza, lakini kufikia kengele mkono ulikuwa unarudi kidevuni wenyewe. Nilimuuliza kwa nini hasemi zaidi. Akanijibu kwamba bondia aliyechoka hasikii sentensi ya pili. Yeye aliwahi kukaa kwenye kigoda watu watatu wakimfokea kwa pamoja, akainuka hajashika hata neno.

Kitu kingine ni macho yake. Huangalia miguu kuliko mikono, na hujua nimechoka kabla sijajua mwenyewe, kwa sababu kisigino cha nyuma huanza kugusa sakafu.

Kwenye sparingi, yaani pambano la mazoezi, ni mkali. Glovu za aunsi 16, kofia ya kinga, kinga ya meno, na akisema basi ni basi. Siku moja alinitoa ulingoni baada ya ngumi moja ya kichwa niliyodhani nimeihimili vizuri. Nilibisha, hakubadilika, na kwa muda mrefu nilipiga begi na padi tu.

Ukali huo una historia ndefu kwenye mchezo huu. Eddie Futch, kocha wa Joe Frazier, ndiye aliyesimamisha pambano la Frazier na Muhammad Ali kule Manila, Ufilipino, mwaka 1975, ikiwa imebaki raundi ya 15 peke yake, kwa kuwa Frazier alikuwa haoni tena. Futch huyohuyo alimfundisha bondia Freddie Roach, na alipoona anapigwa mno akamshauri aache. Roach hakusikia, aliendelea, akapoteza mapambano matano kati ya sita ya mwisho, akastaafu mwaka 1986 akiwa na miaka 26. Baadaye akapatwa na ugonjwa wa Parkinson. Alirudi kwa Futch kama msaidizi, kisha akawa kocha wa bondia Mfilipino Manny Pacquiao kuanzia mwaka 2001, na mwaka 2012 akaingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa ngumi. Kocha wangu hana jina kama hilo, ila naye aliambiwa aache na akachelewa kuacha. Ndiyo maana namwamini anaposema basi.

Kasoro zipo. Hubadilisha saa za mazoezi bila kutoa taarifa mapema. Anafundisha mtindo aliopigania yeye, mkono wa kushoto mbele, na mashoto tunayefanya naye mazoezi analazimika kugeuza kila kitu kichwani mwake. Anayetaka kutoa jasho kwa muziki ili apunguze kilo atachoka naye mapema, maana anaweza kutumia kipindi kizima kwenye hatua moja ya kurudi nyuma.

Ukipata kocha mstaafu karibu nawe, omba raundi tatu za padi kabla ya kulipia mwezi, na umsikilize anasema nini ukiwa umekaa kwenye kigoda.