Peponi na Afterlives: nilivyozisoma mimi

Kama unatafuta riwaya ya kukupeleka mbio, Peponi haitakufaa. Ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, miaka 28 baada ya kitabu chenyewe. Nisifiche, niliinunua kwa sababu Gurnah alipata Nobel ya Fasihi ya 2021. Kilichonifanya niimalize ni Khalil.

Khalil ndiye kijana anayempokea Yusuf dukani. Yusuf ana miaka 12, katolewa kwao akidhani anakwenda kutembea na tajiri Aziz, yule mgeni mwenye harufu nzuri anayemwachia kipesa kila akija. Kumbe baba yake kamweka rehani, deni limemshinda. Khalil naye yuko pale kwa deni la baba yake, lakini wala hampi mwenzake pole. Anamcheka, anamfokea, anamkataza katakata kujifanya ndugu wa tajiri: yule mwite Seyyid, basi. Nilikiweka kitabu chini hapo. Mtaani kwetu karibu kila nyumba ilikuwa na mtoto wa watu aliyeletwa "kusaidiwa", na sikumbuki mtu mzima aliyewahi kuuliza anasaidiwa nini.

Safari ya bara, Yusuf akiwa kwenye msafara wa biashara wa Aziz, imesifiwa sana. Mimi ilinichosha: homa, tope, hongo kwa sultani huyu, hongo kwa yule, mpaka msafara unapofika kwa sultani Chatu na mambo kuharibika. Heri vile vikao vya nyumbani kwa Hamid, mfanyabiashara anayeachiwa Yusuf, Kalasinga fundi akijitapa kwamba atatafsiri Kurani kwa Kiswahili na mwenyeji wake akimwona mwendawazimu. Nilicheka peke yangu kama chizi.

Lawama yangu ni kwa Yusuf mwenyewe. Kila mtu anamtaka, kila mtu anamwamulia, naye kimya. Unasubiri aamue jambo lake, na akiamua, ni ukurasa wa mwisho na ni jambo lenyewe hilo! Sitalisimulia. Niliudhika siku nzima.

Ndipo nikachukua Afterlives ya 2020, niliyoisoma kwa Kiingereza. Si mwendelezo, lakini Hamza wake naye ni mtoto aliyetolewa kwa deni akakimbilia kwa askari wa Mjerumani, kwa hiyo hasira yangu ilipata pa kwenda. Humu Vita Kuu ya Kwanza yenyewe unaiona, pamoja na ofisa anayemfundisha Hamza Kijerumani huku akimdharau. Ila aliyenishika ni msichana Afiya. Kaka yake kamfundisha kusoma na kuandika, kisha kamrudisha kwa walezi wake na kwenda vitani. Mwenye nyumba anapogundua kwamba msichana anajua kuandika, anampiga hadi kumvunja mkono. Na kinachomwokoa ni kikaratasi alichokiandika mwenyewe kumwomba Khalifa, rafiki wa kaka yake, msaada. Gurnah halii wala hahubiri hapo, anaeleza tu, na Khalifa anakuja kumchukua.

Sehemu ya mwisho inakimbia mno. Miaka mingi inapita ndani ya kurasa chache, tunajikuta Ujerumani tukifuatilia habari za yule kaka, wakati mimi bado nilitaka kubaki barazani kwa Khalifa. Mzee yule hakosi la kusema juu ya mtu yeyote mjini, na angestahili riwaya yake peke yake.