Fujifilm X-T3 kwa mwaka mzima Unguja: treni, safari, majengo na matamasha

Fujifilm X-T3 ilitoka mwaka 2018, na siku hizi ni rahisi kuipata kwa mkono wa pili kuliko mpya dukani. Nimeitumia mwaka mzima nikiwa Unguja kwa mambo manne: treni za bara, safari za boti, majengo ya Mji Mkongwe na matamasha ya usiku. Naipenda kwa dhati na nitaendelea nayo. Lakini uzuri wa picha zake unategemea mambo mawili ambayo tangazo la duka halitakwambia: kujua utumie shata (pazia la kamera linalopima muda wa mwanga kuingia) ipi wakati gani, na kuikinga na chumvi na unyevu wa kwetu.

Vipimo kwa ufupi. Sensa, yaani kipande kinachopokea mwanga, ni ya saizi ya APS-C yenye megapikseli 26.1. Uzito ni gramu 539 pamoja na betri na kadi. Ina nafasi mbili za kadi za SD, na bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, imezibwa isiingie vumbi wala matone ya maji. Haina kitulizi cha mtikisiko ndani ya bodi. Hicho kilikuja na X-T4 mwaka 2020. Kinachonifurahisha zaidi ni magurudumu ya juu: ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) kushoto, kasi ya shata kulia, fidia ya mwanga (kuongeza au kupunguza mwanga uliochaguliwa na kamera) pembeni yake. Unaipanga kamera ikiwa imezimwa, na ukiiwasha iko tayari.

Lenzi ninazobeba ni XF 35mm f/2, XF 50mm f/2 na Samyang 12mm f/2 ambayo fokasi yake ni ya mkono. Namba ya mm ikiwa ndogo lenzi inaona eneo pana zaidi, na ya f ikiwa ndogo inaingiza mwanga zaidi. Zile mbili za XF zina herufi WR, yaani nazo zimezibwa. Lenzi ya XF 18-55mm, ambayo mara nyingi huuzwa pamoja na bodi, ni nzuri na ina kitulizi chake, ila haikuzibwa. Ukiifunga kwenye bodi hii unyevu unapita kwenye lenzi, na kule kuzibwa kwa bodi hakukufai kitu. Kwa mtu wa bara kavu si neno. Kwa mtu anayepanda boti za Dar na Pemba, anunue WR kwanza.

Sasa shata, maana hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa na kuisingizia kamera. X-T3 ina shata mbili. Ya mitambo inafika 1/8000 ya sekunde, ya kielektroniki inafika 1/32000 na haina sauti kabisa. Watu huchagua ya kielektroniki kwa sababu ya ukimya na kwa sababu inapiga fremu 20 kwa sekunde, wakati ya mitambo ni 11. Tatizo ni kwamba ya kielektroniki inasoma sensa mstari kwa mstari, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Kitu kikienda mbio, mstari wa mwisho unasomwa wakati kimeshasogea. Treni inatoka imelala upande, nguzo zinapinda. Na taa za LED, ambazo kwa kweli huwaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoona, zinachora mistari ya giza na mwanga katikati ya uso wa mwimbaji. Mistari hiyo haifutiki kwenye kompyuta.

Kwa hiyo ninaifunga kwenye shata ya mitambo tangu mwanzo. Ya kielektroniki naiwasha mahali pawili tu: kwenye ukumbi wa kimya ambao taa zake si za LED, na kwenye jua kali la saa saba ninapotaka kubaki f/2, kwa sababu hapo hesabu inapita 1/8000. Ukiona mistari hata kwa shata ya mitambo, shusha kasi. Umeme wetu ni wa hertzi 50, kwa hiyo taa nyingi za kawaida hupwita mara 100 kwa sekunde, na 1/100 au 1/50 huondoa mistari. Taa za jukwaani zina mpwito wake wenyewe; jaribu 1/125, kisha 1/100, ukuze picha kwenye kioo uangalie ukuta wa nyuma ya msanii.

Treni. Sisi Unguja ya kupanda hatuna tena, ingawa mwanzoni mwa karne ya 20 reli ilitoka mjini hadi Bububu, na Ngome Kongwe hii hii tunayokwenda kusikilizia muziki iliwahi kutumika kwa shughuli za reli hiyo. Leo lazima uvuke kwenda Dar upande SGR, treni ya umeme ya reli mpya, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 hadi Morogoro na kisha Dodoma. Treni ikienda kilomita 160 kwa saa inapita mita 44 kila sekunde. Kwa shata ya 1/250 inasogea sentimita 18 ndani ya fremu moja, na ikikupita ubavuni herufi zake hazisomeki. Kwa 1/1000 inasogea sentimita 4 na kidogo, na ukisimama mbali kiasi zinasomeka. Ikija kwa mbele badala ya ubavuni, 1/500 inatosha. Fokasi weka AF-C (inayofuata kitu kinachosogea) na eneo la kati, usiiachie kamera fremu nzima, kwa sababu itashika nguzo za nyaya kabla ya kushika treni.

Ukiwa ndani, kiti ni nusu ya picha. Kutoka Dar reli inaelekea magharibi, na milima ya Uluguru iko kusini yake, yaani mkono wa kushoto wa anayekwenda Morogoro. Msimu wa kusi, Juni hadi Agosti, jua linakaa kaskazini, kwa hiyo dirisha la kushoto linakupa milima ikiwa imepigwa na jua na kioo chako haking'ari. Wakati wa kurudi ni kinyume, kaa kulia. Lenzi iguse kioo, zungushia kitambaa cheusi, na usiiegemeze kwa nguvu kwa sababu mtikisiko wa behewa utaingia kwenye kamera. Miti ya karibu na reli inataka 1/2000. Milima ya mbali 1/500 yatosha. Mahandaki ya baada ya Kilosa yanageuza kioo kuwa kama cha kujitazamia, basi hapo piga sura za ndani ya behewa.

Kwenye stesheni muulize mhudumu au mlinzi kabla hujatoa kamera, kwa salamu na kwa upole. Na stendi ya kamera ya chuma usiinue karibu na nyaya za juu hata kidogo: umeme wake ni wa volti 25,000, na hauhitaji kuguswa ili uruke.

Matamasha ndiyo yaliyonifanya niipende kamera hii. Sauti za Busara, kila Februari ndani ya Ngome Kongwe, ni usiku wa wazi, taa kali mbele na giza nyuma. Natumia 50mm kwenye f/2, ISO 3200 hadi 6400, kipimo cha mwanga cha nukta juu ya uso. Ngoma na wachezaji wanataka 1/250 kwenda juu. Hapa kukosekana kwa kitulizi ndani ya bodi hakuniumizi, kwa sababu kitulizi kinatuliza mkono wako, hakimtulizi mpiga ngoma. Chembechembe za ISO 6400 kwenye X-T3 ni nzuri kuzitazama na zinachapika vizuri hadi A3.

Taa nyekundu na buluu ndizo adui. Histogramu (grafu ya mwanga wa picha) ya kawaida inaonyesha kila kitu kiko salama huku chaneli nyekundu imeshapasuka, uso umekuwa bapa jekundu bila pua wala shavu. Washa histogramu ya rangi tatu na ushushe fidia hadi -1 taa hizo zinapowaka. Piga RAW (faili ghafi ya sensa), na mizani ya weupe, yaani jinsi kamera inavyosahihisha rangi ya taa, iwe moja usiku mzima. Kosa jingine ni la fokasi: maikrofoni ikiwa mbele ya mdomo, kamera huishika yenyewe. Tumia nukta moja ndogo uiweke juu ya jicho.

Taarabu ni jambo jingine. Wapigaji wamekaa, kanuni na udi na fidla haziruki huku na huku, na 1/80 yatosha kabisa. Lakini angalia kiitikio kinapokaribia, maana hapo akina mama huinuka kwenda kutunza. Noti mkononi, hatua za madaha, kanga inapepea, na mwimbaji anapokea bila kukata neno. Panda 1/250 kabla hawajainuka, kwa sababu wakishafika mbele umechelewa. Flashi usiitumie. Inaharibu rangi ya ukumbi na inawaudhi wenyewe.

Majengo yanataka 12mm. Vichochoro vya Shangani na Mkunazini ni vyembamba kiasi kwamba hata 18mm haikupi nyumba nzima. Kwa 12mm, weka f/8, fokasi kwenye mita moja, na kila kitu kuanzia nusu mita hadi mwisho wa macho kinakuwa kikali. Pete ya fokasi huigusi tena. Washa mstari wa usawa kwenye kioo na usiinamishe kamera juu. Ukiinamisha, kuta zinaegemeana. Afadhali uache nafasi ya bure chini na uikate baadaye. Kuta nyeupe za chokaa zinaidanganya kamera ikadhani mwanga umezidi, na picha inatoka ya kijivu: ongeza +2/3. Ila jua la adhuhuri likipenya mstari mwembamba katikati ya kivuli, fanya kinyume, punguza hadi -1, uokoe weupe. Beit el-Ajaib, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, ipigie upande wa Forodhani jioni, jua likiwa baharini mgongoni mwako.

Kwenye milango ya nakshi usipige kwa mwanga wa mbele. Subiri jua lije kwa ubavu, pale linapogusa ukingo wa kila ua la yungiyungi na kila pete ya mnyororo uliochongwa kwenye fremu, na mfaa wa katikati unatupa kivuli chake kwenye ubao wa pili. Hapo utaona hata alama za patasi. Na usipoteze fedha kwa filta ya polaraizi ukitarajia izime mng'aro wa njumu za shaba, kwa sababu filta hiyo haizimi mng'aro wa chuma kitupu. Inasaidia kwenye mbao zilizopakwa vanishi, majani na maji. Kwa njumu, sogea hatua mbili kushoto au kulia tu. Ikiwa wazee wamekaa barazani mwa mlango, salamu kwanza, mazungumzo kidogo, ruhusa, ndipo kamera.

Sasa utunzaji. Kwenye boti usibadilishe lenzi nje. Chumvi inayoruka haionekani lakini inabaki. Ukifika, kitambaa laini kilicholoweshwa maji baridi na kukamuliwa sana, futa bodi na pete za lenzi, kisha kitambaa kikavu. Ukitoka kwenye kiyoyozi cha boti au cha treni, kamera ibaki kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa mpaka ipate joto la nje, nusu saa hivi, la sivyo lenzi inalia maji hadi ndani. Nyumbani naiweka kwenye chombo cha plastiki chenye mpira mfunikoni, pamoja na vifuko vya silika (punje zinazonyonya unyevu) na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga asilimia 40 hadi 50. Masika, bila chombo kama hiki, kuvu huota kwenye vioo kama utando, na fundi wa kuisafisha ni ghali. Mchele usiutumie, unaacha unga. Silika ikibadilika rangi, iokee kwenye moto mdogo wa ovena, nyuzi 120, saa mbili.

Betri ndiyo udhaifu mkubwa: takriban picha 390 kwa moja. Usiku wa tamasha unataka tatu. Ina tundu la USB-C, kwa hiyo pawabenki inaichaji umeme ukikatika.

Ukinunua iliyotumika, piga ukuta mweupe kwa f/16 utafute madoa ya sensa. Mulika tochi ndani ya lenzi, ukitafuta nyuzi za kuvu. Angalia mpira wa kishikio kama umeanza kubanduka. Mwisho fungua milango ya betri na ya kadi, pitisha kidole kwenye mpira wake wa kuzibia: ukiwa umepasuka au umelegea, bodi hiyo haijazibwa tena, na bei ishuke kwa kiasi hicho.