Mafundi wa klimatizere wa Kampemba: tathmini ya huduma yao majira ya mvua

Mvua zinapoanza Lubumbashi mwezi wa Novemba, nyumba nyingi zenye klimatizere, yaani mashine ya kupoza hewa, hukumbwa na shida moja: maji hutiririka ukutani chini ya mashine, rangi inabanduka, na mwenye nyumba huambiwa kwamba gesi imekwisha. Ndivyo nilivyoambiwa na fundi wa kwanza, ambaye aliongeza gesi bila kupima chochote, na maji yakaendelea kuvuja kama kawaida. Baadaye niliita karakana ndogo iliyoko katika komini ya Kampemba, na kazi yao inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa walianza kwa kuyafuata maji yenyewe.

Maji kujitokeza kwenye koili ya ndani, yaani mabomba baridi yanayopoza hewa ya chumba, si hitilafu. Hewa yenye nyuzi joto 26 na unyevu wa asilimia 80 huanza kuacha umande inapogusa kitu chenye nyuzi 22 hivi, na koili inayofanya kazi vizuri huwa baridi kuliko hapo kwa mbali. Mwezi wa Julai, hewa ya mji wetu ikiwa kavu, mashine ileile hutoa maji kidogo sana. Tena kuondoa unyevu ndiyo kazi ya asili ya mtambo huu: Willis Carrier alipousanifu mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, Marekani, shida iliyomkabili ilikuwa unyevu uliokuwa ukiharibu karatasi. Kinachotakiwa kwa fundi ni kuyapatia maji hayo njia ya kutokea.

Mafundi wa Kampemba walipofungua kifuniko, filta ilikuwa imezibwa na vumbi jekundu la kiangazi, na katika pembe ya beseni la kukusanyia maji palikuwa na utelezi wa rangi ya kahawia uliokuwa umeziba tundu la bomba. Walinieleza kwamba hewa isipopita vizuri koili hushuka chini ya sifuri na kuganda barafu. Kisha umeme unapokatika, jambo tulilolizoea, barafu yote huyeyuka kwa pamoja na beseni hufurika. Waliosha koili kwa maji ya shinikizo dogo ili wasipinde mapezi yake, wakazibua tundu, kisha wakaweka pimamaji juu ya bomba la kutolea maji na kunionyesha kwamba lilikuwa limepanda kuelekea nje. Wakatoboa ukuta upya, safari hii kwa mteremko, wakamimina kikombe cha maji katika beseni na kungoja mpaka yakatoka yote upande wa uani. Gesi waliipima mwishoni kabisa, wakakuta imezidi, na ziada wakaihamishia kwenye chupa yao. Bei tulikuwa tumekubaliana kabla ya kazi, na haikubadilika.

Yapo mawili ambayo sikuridhika nayo. Kiungo kimoja cha bomba la shaba kiliachwa bila sponji ya kukifunika, kikaanza kudondosha maji, na ingawa walirudi kukifunga bila malipo, walichelewa mno. La pili ni zito zaidi: walinishauri ninunue mashine kubwa kwa chumba kidogo cha kulala. Mashine iliyozidi ukubwa wa chumba hupoza upesi na kusimama kabla haijatoa unyevu wa kutosha, hivyo chumba hubaki baridi na chenye majimaji. Kwa chumba cha mita za mraba 12, mashine ya BTU 9,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) inatosha kabisa.

Hata hivyo, kwa usafishaji na urekebishaji wa bomba ningewaita tena bila kusita. Mwenye kuwahitaji awatafute Oktoba, kwa sababu mvua zikishashika kila mtu huwa anawangojea wao.