Roboti ya pipeti baada ya miezi 11: usiipime kwa maji ya rangi

Kwa miaka 14 nimekula kwa kidole gumba, nikibonyeza pipeti, kile kifaa cha mkononi cha kunyonya na kuhamisha matone ya kimiminika. Aliyewahi kukaa kwenye maabara ya molekuli anajua ninachosema: bonyeza, nyonya, hamisha, bonyeza, tupa tipsi (ncha ya plastiki inayovikwa pipeti), chukua nyingine. Sahani moja ya plastiki ya visima 96, yaani vishimo vidogo vya kuwekea sampuli, ukiweka vitu vinne kila kisima kwa pipeti ya ncha moja, ni safari 384. Mwisho wa siku hata kufungua kizibo cha chupa ya maji ilikuwa shida. Kwa hiyo roboti ilipoletwa mimi ndiye niliyeshangilia kuliko wote, na kwa sababu hiyo naona nina haki ya kuisema.

Ni ile ya kukaa juu ya meza: ukubwa wa friji ndogo, nafasi tisa za kupanga sahani na tipsi, mkono mmoja wa ncha moja na mwingine wa ncha nane. Siku ya maonyesho muuzaji alijaza sahani nzima kwa maji ya bluu na nyekundu. Yalipangika kama shanga, tukapiga makofi. Ningepewa nafasi ya kurudi siku ile, ningemwambia: asante kwa maji, sasa chukua hiki chetu.

Matatizo yalianza na sahani zenyewe. Sahani hizi zina vipimo vilivyokubaliwa kimataifa: milimita 127.76 kwa 85.48 kwenye kitako, na milimita 9 kutoka katikati ya kisima hadi katikati ya jirani yake. Lakini kina cha kisima hutofautiana baina ya watengenezaji, na roboti haina macho. Inaamini kile ulichoiandikia. Mimi nilichagua kwenye orodha sahani iliyofanana na yetu, siyo yetu hasa. Tipsi zikagonga chini ya visima, zikaziba, na mashine ikaendelea na safari zake kana kwamba hakuna kilichotokea. Safu nzima ya visima vinane ilibaki bila kitu. Tangu hapo kila aina mpya ya sahani naipima mwenyewe kabla ya kuiingiza.

Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa gliseroli, kimiminika kinene chenye kunata.

Kimeng'enya cha PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ipimike) huhifadhiwa kwenye gliseroli ya takriban asilimia 50, ndiyo maana hakigandi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Ni kizito, kinavutika, kinang'ang'ania plastiki. Tuliiachia roboti itengeneze chupa tatu za masta miksi, yaani mchanganyiko wa viungo vya PCR unaogawiwa visima vyote, kwa makundi matatu ya sampuli, na kila kundi likawa na sampuli ileile ya kulinganishia. Kwenye kundi la kwanza sampuli hiyo ikachomoza (ikaanza kuonekana kwenye mashine) mzunguko wa 22, kwenye la tatu mzunguko wa 24. Asiye wa fani ataona ni tofauti ndogo, lakini kila mzunguko huzidisha karibu mara mbili, kwa hiyo hapo tunazungumzia karibu mara nne, kwa kitu kilekile. Na ndani ya kila kundi visima vilikubaliana vizuri mno! Hapo ndipo tulipodanganyika, tukaona roboti haina kosa. Tulimaliza siku tatu tukishuku vianzishi (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili), tukashuku mashine ya PCR, tukashuku hata aliyetoa DNA, ambaye hajanisamehe mpaka leo.

Roboti ilikuwa inanyonya kimeng'enya kwa kasi ya maji. Mara nyingine ilitoka na pungufu, kwa sababu gliseroli haijawahi kupanda kwa haraka. Mara nyingine ilizamisha tipsi mpaka chini ya chupa, ikabeba nje ya tipsi tone ambalo hakuna aliyelihesabu. Mkono wangu haufanyi hivyo. Unagusisha ncha tu juu ya uso, unanyonya taratibu, unasubiri, unapangusa kwenye ukingo. Nilipofungua itifaki yetu, yaani maelekezo ya kazi hatua kwa hatua, nione hayo yameandikwa wapi, nikakuta: "Ongeza kimeng'enya." Basi. Mwaka 2016 jarida la Nature liliwauliza watafiti 1,576, na zaidi ya asilimia 70 walisema wamewahi kushindwa kurudia jaribio la mwenzao. Takwimu hiyo nilikuwa naisoma kama habari za majirani.

Kwa hilo naipa mashine sifa ambayo haimo kwenye tangazo lake: ilitulazimisha kuandika. Sasa itifaki ina kasi ya kunyonya, sekunde za kusubiri, kina cha kuzamisha. Na kila mwezi naipima kwa mizani: mikrolita 100 za maji ziwe karibu miligramu 100, mara kumi mfululizo. (Kwa gliseroli usisome hivyo, ni nzito kuliko maji.) Kwenye kuzimua sampuli hatua kwa hatua haishindwi tena na mtu yeyote kwa mkono, mchoro wa viwango (ule wa sampuli za kiasi kinachojulikana) unakaa kwenye mstari. Tena haiitwi. Mimi nikiitwa niko kisima D7, nikirudi sijui kama ni D7 au D8. Yenyewe imeandika kila hatua na saa yake.

Chini ya mikrolita 2 siiamini. Na ikiwa na kazi ndefu, sahani hubaki wazi muda mrefu na visima vya pembeni huanza kukauka, jambo ambalo muuzaji alilipitia kwa tabasamu.

Tipsi ndizo zinazoniudhi. Inatupa bila huruma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walikadiria mwaka 2015 kwamba maabara za utafiti wa kibiolojia duniani zilizalisha tani milioni 5.5 za taka za plastiki mwaka 2014. Nikitazama ndoo yangu kabla na baada ya roboti, sioni namba hiyo ikishuka. Isitoshe, tipsi zake hazikai kwenye pipeti nyingine yoyote, wala za wengine hazikai kwake. Tipsi zilipoadimika wakati wa korona tuliponea kwa kuazimana. Hizi utaziazima kwa nani?

Huduma ya wauzaji ni ya wastani. Wanajibu barua pepe siku hiyohiyo, ila sasisho moja la programu lilifuta marekebisho yetu yote ya urefu bila onyo. Weka nakala.

Ukitaka kununua, nenda kwenye maonyesho na kitu chako kinene kuliko vyote, na sahani unazotumia kweli, wala usikubali yao. Kidole gumba changu kimepona, hilo silikatai. Kimeng'enya bado nakiweka mwenyewe kwenye masta miksi, kwa pipeti ya zamani, kisha namkabidhi mwenye meza yaliyobaki. Leo ana sahani mbili. Nilimwacha safu ya tano nikaja kuandika haya, na kutoka hapa nilipo nasikia ameanza kulia: tipsi zimeisha.