Nilivyoikagua shule ya bweni ya India nikiwa Kariakoo

Wakala alinitumia kijitabu cha kurasa kumi na mbili kwa WhatsApp, rangi tupu: bwawa la kuogelea, farasi, watoto wamefunga tai. Shule iko Maharashtra, jimbo lenye Mumbai, na kwenye jina ina neno "International". Ada imeandikwa rupia 2,50,000. Hiyo koma ilinisumbua, nikadhani wameruka sifuri. Jirani yangu wa duka, Mgujarati mzaliwa wa Upanga, alicheka mpaka akatafuta stuli. "Laki mbili na nusu hiyo, bwana. Laki ileile unayohesabu kila siku." Kumbe wenzetu hukata namba zao kwa laki, nasi neno tulilichukua, koma tukaiacha hukohuko.

Binti yangu alikuwa amemaliza kidato cha pili. Mtoto wa kaka yangu anasoma chuo Pune, na ndege ya Air Tanzania ya Mumbai inapandwa hapahapa Dar, kwa hiyo India haikuwa mbali kama inavyosikika. Wakala aliahidi mambo mawili: mtoto ataingia darasa la 10 moja kwa moja "asipoteze muda", na atamalizia la 12, ambalo ndilo la mwisho la sekondari huko, palepale. Akataka shilingi laki nane za kushikilia nafasi, zitumwe kwenye simu yenye jina la mtu. Sikutuma. Wala si kwamba mimi mjanja; wiki ile mzigo wangu ulikuwa bandarini na mfukoni nilibaki na nauli.

Ndipo jirani akaniambia niombe kitu kimoja tu: namba ya shule kwenye bodi. Si cheti, si picha ya cheti. Namba.

CBSE ndiyo bodi ya taifa ya mitihani ya sekondari yenye makao Delhi, na shule nyingi binafsi za Kihindi ziko chini yake. Ina mfumo wa usajili uitwao SARAS, ambamo yeyote anaweza kutafuta shule kwa namba, kwa jina au kwa jimbo, bila kulipa wala kufungua akaunti. Kwenye simu ni mateso kidogo, jedwali linatoka nje ya kioo na unalisukuma kushoto na kulia kama unapepeta mchele. Lakini ukishafungua ukurasa wa shule, unakuta anwani, mwaka ilipoanzishwa, jina la mkuu wa shule, usajili umeanza lini na unaisha lini. Na mstari ambao uliniokolea pesa: kiwango. Shule ya yule wakala imesajiliwa kwa ngazi inayoishia darasa la 10. La 11 na la 12 hawana.

Nikampigia. "Kaka, mbona bodi wanasema mnaishia la kumi?"

"Usijali mzee, la kumi na mbili wanafanyia mtihani shule yao nyingine."

Hapo nilikaa kimya, maana sikujua nimjibu nini. Baadaye nikaelewa kuwa jambo hilo ni donda la elimu ya huko. Wanafunzi huandikishwa shule moja na kusoma kwingine, wengi wao wakishinda kwenye vituo vya tuisheni wakijiandaa na mitihani ya kuingia uhandisi na udaktari. Machi 2024, baada ya ukaguzi wa kushtukiza, CBSE ilizifutia usajili shule 20 na kuzishusha ngazi nyingine 3, na wanafunzi wa jina tu walikuwa miongoni mwa makosa yaliyokutwa. Novemba mwaka huohuo ikafuta 21 zaidi, za Delhi na Rajasthan. Sasa fikiria mtoto ametoka Temeke, yuko bwenini, na cheti chake kina jina la shule ambayo hajawahi kuiona hata geti.

Ile ahadi ya kuingia la 10 moja kwa moja nayo ikaanguka. CBSE inalihesabu la 9 na la 10 kuwa kozi moja ya miaka miwili. Anayehamia katikati anahitaji sababu inayokubalika na kibali, si wakala mwenye haraka. Kwa aliyetoka kidato cha pili, mlango wa kawaida ni la 9.

Nikaanza upya, safari hii bila wakala. Nilipata shule nyingine upande wa Pune na kuipitisha kwenye SARAS: mpaka la 12, muda wa usajili bado upo. Halafu nikaingia tovuti ya shule yenyewe kutafuta ukurasa ambao CBSE inaulazimisha, wa kuweka mambo hadharani. Ukurasa huu ndio ningeupa nyota tano kama ungekuwa bidhaa. Shule inatakiwa kuweka hapo barua ya usajili, kibali cha serikali ya jimbo, cheti cha usalama wa jengo, cha zimamoto, cha maji na usafi, idadi ya walimu, ada, matokeo ya miaka mitatu, mpaka kiungo cha video ya ukaguzi. Nilifungua faili moja moja usiku mama watoto akiniuliza kama nimepata kazi serikalini. Cheti cha zimamoto kilikuwa kimepitwa na miezi miwili. Niliwaandikia barua pepe, na baada ya siku nne wakaweka kipya. Kwangu majibu yale yalikuwa na uzito kuliko farasi wa kwenye kijitabu.

Kwenye nyaraka zile pia unaona nani anamiliki. Shule za CBSE zinatakiwa kuendeshwa na jumuiya, wakfu au kampuni isiyogawana faida, kwa hiyo jina la jumuiya unalolikuta pale ndilo nililotaka kuliona kwenye akaunti ya benki nikilipa. Mtu binafsi, hapana.

Kuna na UDISE+, kanzidata ya serikali yao, ambamo kila shule ina namba ya tarakimu 11. Za Maharashtra huanza na 27. Inaonyesha wanafunzi, walimu, madarasa, vyoo. Nzuri kwa kulinganisha na maneno ya shule, ila taarifa hujazwa na shule zenyewe, kwa hiyo niliipa nyota tatu nikaendelea. Maoni ya Google sikuyapa hata moja: sifa kumi na tisa, zote za mwezi mmoja, zote na "walimu wenye upendo".

Kwa anayelenga shule isiyo ya CBSE, usihangaike na SARAS, haitaonekana na haina maana ni feki. Zinazofanya mtihani wa ICSE ziko kwa CISCE, bodi nyingine ya India, wenye orodha yao. Za mitaala ya kimataifa ya Cambridge na IB vilevile, kila mmoja ana orodha yake. Neno "International" kwenye jina halisemi mtaala wowote. Na huku nyumbani NECTA ndio wanaolinganisha vyeti vya sekondari vya nje, waulizeni mapema.

Mwisho nilimtuma binti wa kaka yangu aende kwa basi Jumamosi. Alizunguka mabweni, akaongea na msichana mmoja wa Kenya anayesoma pale, kisha akanitumia sauti ya dakika sita. Vyoo visafi. Matroni mkali lakini anasikiliza. Maktaba ina vitabu, si makabati matupu. "Ila ba'mdogo," akasema, "kuna kitu hukuniuliza. Hapa hawali nyama. Samaki hakuna. Yai hakuna. Mwaka mzima."

Nilirudi kwenye ukurasa ule wa shule, nikapitia mafaili yote tena. Hakuna lililosema.

Ada nimelipa, viza ya mwanafunzi imetoka, na akifika ana siku 14 za kujiandikisha kwa ofisi ya wageni, FRRO. Sasa hivi ugomvi uliopo nyumbani ni kilo mbili za dagaa ambazo bibi yake anataka kuzificha katikati ya shuka.