Antena ya fimbo iliyoniaibisha kilimani

Nina hasira, kwa hiyo mniwie radhi. Antena hii ni ya redio ya amateur, yaani ya kuwasiliana hewani kwa kujifurahisha: ile fimbo ya kuvuta, pingili kwa pingili kama muwa, yenye koili chini (ya kuirefusha kiumeme) na mguu wa kuchomeka ardhini. Juzijuzi nimepanda nayo kilimani, nimeisimamisha, nimeita hewani mara mbili tu, pingili ya tatu kutoka juu ikalegea ikazama ndani ya mwenzake. Naivuta, inashuka. Naizungushia utepe, upepo unapita, inashuka. Na kila ikishuka SWR (kipimo cha jinsi antena inavyorudisha nguvu kwenye redio; karibu na 1 ndiyo nzuri) inaruka kutoka 1.3 hadi kupita 3, redio nayo inajipunguzia nguvu ili isiungue. Nguvu zenyewe wati 5! Ukipunguza hapo unabaki na nini?

Nikamwandikia muuzaji. Jibu lake mstari mmoja: "Umeivuta vibaya, soma maelekezo." Yaani kitu kimetengenezwa kivutwe, halafu kosa langu ni kukivuta. Hela sikuomba. Hata "pole" ilimshinda.

Nikaapa: fimbo basi. Nikahamia kwenye waya wa mita 20 hivi, nusu wimbi kwa bendi ya mita 40 (masafa yenye wimbi la urefu wa mita 40 hivi), na transifoma ya 49 kwa 1 kwenye ncha moja ya kuulinganisha na redio. Unafunga jiwe kwenye kamba, unarusha juu ya mti (mimi hupitisha mara ya nne, msinicheke), unavuta waya juu. Bendi ya mita 40 inakubali, ya mita 20 inakubali, koili ya kuhangaika nayo hakuna. Waya hauna pingili ya kulegea. Nunueni waya.

Ila kilimani pale hapakuwa na mti hata mmoja. Na kuna asubuhi moja, kabla ya haya yote, fimbo hiihii niliivuta mita 5 na kidogo, robo wimbi kamili kwa bendi ya mita 20, koili nikairuka, nikatandaza nyaya nne majanini badala ya ule mmoja mfupi unaokuja nao kwenye mfuko. Lo! Vituo vilijibu mfululizo mpaka daftari likanichanganya. Wengi wanaotukana fimbo hawajatandaza kitu chini, wakati nusu ya antena iko hukohuko chini.

Nimeagiza nyingine, ya aina ileile. Kwa muuzaji mwingine, bila shaka, na safari hii utepe nautia mfukoni kabla sijaanza kupanda.